West with the Night ya Beryl Markham, jamani kisomeni

Nimemaliza kitabu cha West with the Night mara ya pili na bado kiko kitandani kando ya mto, sitaki kukirudisha kabatini. Mwandishi, anayesimulia maisha yake mwenyewe humo, ni Beryl Markham, mzungu aliyeletwa Kenya akiwa mdogo kabisa akakulia Njoro kwenye shamba la baba yake, akawa mfunza farasi wa mashindano, urubani ukaja baadaye. Kilitoka 1942 kikasahaulika mpaka kilipochapwa upya 1983, mwenyewe kashazeeka yuko Nairobi.

Kinaanza 1935 na safari ya usiku kwenda Nungwe, kambi ya dhahabu kusini kabisa mwa Ziwa Victoria, yaani pande zetu huku! Kuna mgonjwa hapumui vizuri, mtungi wa oksijeni unatakiwa haraka, basi mama anaondoka Nairobi peke yake na kandege kadogo aina ya Avro Avian, na huko chini anachotafuta ni mioto tu waliyomwashia kumwonyesha pa kutua. Hiyo sura niliisoma kwenye basi la usiku kutoka Mwanza, tumeshapita Nzega, nikainua macho dirishani nje giza totoro, halafu mbali kabisa nikaona kamoto kamoja, sijui mtu anapika au anaota, mwili wote ulinisisimka. Nikakaa nakaangalia mpaka kakapotea.

Ile safari ya kuvuka bahari ya Atlantiki, Septemba 1936, ndo iliyompa jina, kutoka Abingdon Uingereza kuelekea magharibi dhidi ya upepo, saa 21 na kitu, redio hana. Kuna mahali tangi moja linakauka injini inazima, usiku, bahari iko chini yake, inabidi ainame afungulie tangi lingine gizani huku ndege inashuka tu inashuka, inakuja kuwaka tena imebaki kama futi 300. Nilikuwa nimeshika pumzi kweli. Mwishoni barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia huko Kanada, akatoka mzima.

Ila kwangu moyo wa kitabu ni Kibii. Walicheza pamoja utotoni Njoro, wakirukaruka na kupigana mieleka, af Kibii anatahiriwa anakuwa mwanamume, anarudi anaitwa arap Ruta na sasa anamwita yule mwenzie Memsahib. Ukurasa ule nimeurudia mara tatu na unaniuma kila mara. Na hapo ndo nina ugomvi na mwandishi, maana Ruta yuko nae miaka yote, kwenye farasi mpaka kwenye ndege, lakini yeye mwenyewe anawaza nini hatuambiwi vya kutosha, na ni mtu niliyetamani kumjua kuliko wale mabwana wote wa safari za kuwinda.

Mtaambiwa pia kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndo aliyekiandika. Ubishi huo ni wa zamani. Mi naamini sauti ni ya mama, kwa sababu zile sura za utotoni, anapowinda ngiri na mwindaji arap Maina, pamoja na Buller, mbwa wa Beryl mwenyewe, zinanukia vumbi la mtu aliyekuwepo.

Kiingereza chake si chepesi, nendeni taratibu. Ukichoka kwenye farasi ruka mpaka anapotafuta tembo akiwa angani, kwenye farasi utarudi mwenyewe.