TAHADHARI: Pawabenki za "50,000 mAh" wanazouziwa wasafiri Kariakoo

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda China kufuata mzigo, someni hili kabla hamjatoa hela. Mimi nimeshapigwa.

Wiki moja kabla ya safari nilipita Kariakoo kwenye meza ya vifaa vya simu. Kijana akanichangamkia: "Dada, kama unaenda Guangzhou chukua hii, 50,000 mAh, inapanda ndege bila shida." (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba.) Nikachukua mbili, yangu na ya mdogo wangu, shilingi 35,000 kila moja.

Guangzhou, pawabenki ikiwa imewasha taa zote nne, ilichaji simu yangu mara moja tu ikazima. Na kule simu ndiyo pochi: unalipia chakula na teksi, unatafsiria bei, anwani ya hoteli kwa Kichina imo humo humo. Saa mbili usiku nilisimama nje ya soko simu imezima, sijui nimwoneshe nini dereva. Mungu ambariki dada mmoja Mkongo aliyeniazima chaji yake.

Siku ya kupanda ndege ya Yiwu, mkaguzi aliigeuza geuza akitafuta alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Hakuna. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama hiyo. Akaitumbukiza kwenye boksi lililokuwa limeshajaa za wenzangu.

Niliporudi Dar, ile ya mdogo wangu nikaipeleka kwa fundi simu. Akaibandua mbele yangu kwa bisibisi: betri moja nyembamba, pembeni kifuko cha nailoni kimejaa mchanga, kimegandishwa kwa gundi kisicheze. Mchanga! Ndiyo maana ilikuwa nzito mkononi nikaiamini.

Hesabu yenyewe ni hii, shikeni. Chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata Wh, kipimo cha nishati ambacho mashirika ya ndege wanakitumia. 20,000 inatoa 74 Wh. Kwenye ndege kawaida mwisho ni 100 Wh. Kuanzia hapo hadi 160 lazima shirika likupe ruhusa, ikizidi 160 haipandi. Na 50,000 ni 185 Wh! Kwa hiyo anayekuapia kwamba ni 50,000 na tena inapanda ndege, hapo hapo ameshakudanganya. Nunua yenye Wh iliyochapishwa kwenye mwili wake, maandishi yasomeke, na kama unaenda China iwe na 3C. Iweke begi la mkononi, kamwe usiiweke kwenye begi la kupakiwa chini.

Nilimrudia yule kijana. Akasema hazina garantii, akageukia mteja mwingine, mama mwenye pasipoti mkononi. Nilimwonesha yule mama picha ya mchanga, akarudisha hela yake kwenye pochi.

Kifuko ninacho bado. Aliyeuziwa kama mimi aniandikie, nataka twende pamoja Tume ya Ushindani.