Uzoefu wangu na seva ya faili dukani kwetu, Nasser Road

Tunapiga chapa Nasser Road, Kampala. Tuko watu wanne. Zamani kazi zilizunguka kwa flashi, na virusi vikizunguka nazo, mpaka tukaita kampuni moja ya hapa mjini ituwekee seva ndogo ya Linux (kompyuta ya kuhifadhi faili za wote) yenye folda ya pamoja, inayofunguka kwenye kompyuta zetu za Windows kwa Samba, programu inayoziwezesha Windows kufungua folda za Linux. Vifaa na ufundi, shilingi milioni mbili na laki tatu.

Mashine yenyewe naisifu. Bango la mega 800 linafika kwa sekunde kama kumi tu.

Shida ni ruhusa. Wiki ya kwanza, dizaina wetu alimaliza kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), akaziweka kwenye folda yake ndani ya seva, akaenda nyumbani. Jioni mteja akapiga simu: jina la baba mkwe limekosewa herufi moja. Nikafungua faili, nikasahihisha, nikabonyeza kuhifadhi. Nikaambiwa sina ruhusa. Nikajaribu kunakili faili mpya juu ya ile ya zamani, ikakataa. Hata kwa jina jingine haikuingia kwenye folda ile. Nikaiacha kwenye kompyuta yangu, nikamwachia kijana wa mashine ya kupiga chapa ujumbe. Asubuhi hakuuona. Alichukua faili ya kwenye seva, kama tulivyomfundisha, akapiga kadi 200 zenye jina baya.

Nilimpigia fundi wa kampuni ile. "Bosi, weka 777, yataisha." Hiyo ni namba inayompa kila mtu ruhusa zote. Nikaweka. Faili zilizokuwepo zikafunguka kwa kila mtu, lakini kesho yake folda mpya zikaja zimefungwa vilevile, kwa sababu amri ile inagusa kilichopo, haigusi kitakachokuja. Tena humo tunaweka nakala za vitambulisho vya wateja. Sikutaka ziwe wazi kwa yeyote anayeingia kwenye seva.

Fundi wa pili ndiye aliyekaa akaangalia. Alinionyesha kwenye skrini: -rwxr--r--. Mwenye faili anaandika, sisi wengine tunasoma tu. Samba isipoelekezwa, faili mpya inazaliwa na 0744 (ndiyo hiyo -rwxr--r-- kwa namba) na folda na 0755, na aliyeiweka ndiye mwenye mali. Akatuunda kikundi kimoja, akaweka faili 0660 na folda 2770, yaani wa kikundi tunasoma na kuandika, wengine hawafungui. Ile 2 ya mbele inafanya kila kinachoingia kwenye folda kirithi kikundi cha folda hiyo. Faili za zamani akazirekebisha moja kwa moja. Nusu saa, kazi kwisha. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza, na inaniuma mpaka leo.

Kabla hajaondoka nilimwomba dizaina aunde folda mpya, mimi nikabadilisha faili ndani yake, kijana wa mashine akaifuta. Yote yakapita. Tangu hapo haijatukwamisha.

Mashine naipa tano kwa tano, ufungaji wa kampuni ile mbili. Karatasi za zile kadi 200 hawajazilipa.