Mifuko ya PICS: mahindi ya nyumbani bila dawa

Kulima chakula chako ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukifikisha salama hadi mavuno yajayo. Huku kwetu Kilosa adui ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, yule tunayemwita Skania, aliyegunduliwa kuwa ameingia nchini huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mfuko wa PICS (kifupi cha Kiingereza cha Purdue Improved Crop Storage), mfuko wa kuhifadhia nafaka bila hewa kupita, uliobuniwa kwanza kwa ajili ya kunde huko Kamerun, una mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba nje. Kila mmoja unafungwa peke yake: sokota shingo, ikunje, kaza kamba. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Dawa ya unga sinunui tena, na ugali wa wanangu hauna harufu yake. Kwa hilo tu nausifu kwa moyo wote.

Bei yake inaizidi mbali ile ya kiroba cha kawaida, ila usipotoboka unautumia tena msimu mwingine. Mahindi yakauke hasa. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, yarudishe juani. Panya ndio udhaifu wake, kwa kuwa nailoni haiwazuii, hivyo upange juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na tafadhali, akina mama, msiufungue kila siku kuchota debe, hewa inarudi. Familia ndogo ichukue wa kilo 50 badala ya 100.