Mita ya soketi: miezi mitatu ya kuivizia Luku nyumbani kwangu Makorora

Nauza barafu za ukwaju na maji ya baridi hapa Makorora, Tanga. Friza ndiyo kazi yangu, kwa hiyo Luku ikiumwa na mimi naumwa. Mwaka huu joto la kaskazi lilipokolea, umeme wa elfu ishirini ukawa haumalizi siku kumi. Mzee akasema ni watoto na TV. Watoto wakasema ni friza. Mimi nikaenda Ngamiani kununua kipimo.

Chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi, kisha friji au pasi unaichomeka juu yake, na kioo kinakwambia wati ngapi zinapita na uniti ngapi zimeshaliwa. Dukani wanakiita mita ya soketi. Walitaka 40,000, tukashikana hapo mpaka 32,000. Hakina jina la maana, ni vile vya Kichina vinavyokuja na karatasi ya maelezo yenye maandishi kama mayai ya chawa.

Sasa, hiki kidude kina sehemu ya kuweka bei, na bei zenyewe ni mbili: ya kwanza na ya pili, kila moja na saa zake. Hapo ndipo nilipopotea. Nilimpigia picha wifi yangu aliyeko Leicester, Uingereza, nikamuuliza bei mbili za nini. Akanijibu kwa maandishi: "Wifi, huku kwetu umeme wa usiku ni nafuu. Mimi nafua na kuchaji kila kitu kuanzia saa moja hadi saa nane, mchana siwashi kitu kikubwa." Nikaona hiyo ndiyo siri niliyofichwa miaka yote. Nikaweka bei ya pili ianze saa moja usiku, nikajikadiria na punguzo la nusu, maana sikujua.

Mwezi mzima nimeishi kama popo. Ukwaju namimina usiku, sare za shule napiga pasi usiku, maji ya chupa ya chai nachemsha usiku. Kioo kikawa kinanipongeza: matumizi ya shilingi yameshuka vizuri kabisa. Lakini elfu ishirini ikaisha siku ya kumi, vilevile. Mita ya soketi inahesabu uniti kwa uaminifu, lakini hesabu ya pesa inaamini chochote ulichoiambia. Niliidanganya, ikanirudishia uongo wangu na desimali mbili.

Kilichonizindua ni risiti ya Luku, ambayo nilikuwa napokea kwenye simu na kuchukua tarakimu ishirini tu, mengine siyatazami. Mimi niko T1, kundi la matumizi ya kawaida. Uniti moja ni shilingi 292, juu yake VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Inakuja kama 356. Hakuna mahali panapotajwa saa. Ukiwasha pasi saa sita mchana ni 356, ukiwasha saa tisa usiku ni 356.

Wifi naye hakunidanganya. Uingereza iko mipango ya namna hiyo kwa majumbani, mmoja wao unaitwa Economy 7, yaani saa saba za usiku kwa bei ya chini, na anayejiunga hufungiwa mita inayotofautisha saa. Jirani zetu Kenya walianza mwishoni mwa 2017 kuwapa wenye viwanda nafuu ya usiku. Sababu ni kwamba watu wote hupika, huwasha taa na TV kwa wakati mmoja. Sisi tukitoka Segera kuja Tanga tunapita Hale, pale penye mtambo wa mto Pangani uliowashwa 1964, megawati 21. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kunenepa jioni kwa kuwa watu wamerudi nyumbani. Lazima iwepo mitambo mingine ya kusaidia saa hizo za msongamano, na kuiweka tayari kwa saa chache ni gharama. Anayeuza umeme anaona bora akushushie bei usiku wa manane ili upunguze mzigo wa jioni.

Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu jikoni. Wifi amekaa Ulaya miaka kumi na nne, saa zake zimeshakuwa za kizungu. Saa moja yake ni saa saba yetu ya usiku, na saa nane yake ni saa mbili asubuhi. Mimi nikaanza saa moja usiku ya Makorora, wakati kila nyumba imewasha! Hata kama tungekuwa na bei za saa, ningekuwa nimejipangia kulipa ile ya juu kabisa.

Huku kwetu saa haina kazi, lakini tarehe inayo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yetu, na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Elfu kumi ya tarehe mosi ilinipa uniti 23.9. Elfu kumi ya tarehe kumi na tano ikanipa 28. Ile kauli ya mtaani kwamba "Luku ya mwanzo wa mwezi ina mdomo" ni kodi tu. Huikwepi kwa kuchelewa kununua. Na kwa aliye D1, kundi la matumizi madogo, kama jirani yangu asiye na friji, mwezi ndio kila kitu: uniti 75 za mwanzo ni shilingi 100 kabla ya makato, zinazozidi ni 350. Yeye ndiye mwenye haki ya kuhesabu hesabu, si mimi niliyekuwa napiga pasi gizani.

Nikafuta ile bei ya pili, nikaweka 356 peke yake, nikaanza kupima kweli. Friza siku tatu mfululizo: uniti 3.1 kwa siku. Nikamwita fundi, akachukua noti ya elfu moja, akaibana kwenye mlango wa friza, akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka kama inateleza kwenye mafuta. Mpira wa mlango umekufa, akasema, baridi yote unawapa majirani. Mpira na ufundi 25,000, na akaisogeza friza kutoka ukutani, maana mgongo wake ulikuwa unapumulia zege. Kipimo cha wiki iliyofuata: uniti 2.0. Kwa mwezi hiyo ni kama 11,700 inayobaki mkononi.

La pili sikulitegemea. King'amuzi. TV imezimwa, watoto wamelala, king'amuzi kina kijitaa chekundu tu, na kioo kinasoma wati 11. Usiku na mchana hiyo ni karibu uniti 8 kwa mwezi, kama 2,800, kwa ajili ya kijitaa. Siku hizi kinazimwa ukutani.

Pasi iliniaibisha. Nilikuwa nagombana na watu asubuhi kuhusu pasi, kumbe kupiga sare zote Jumapili badala ya kila siku kunaokoa shilingi mia tano kwa mwezi. Mzee alipouona ule mia tano alinyamaza kwa namna ambayo ilikuwa mbaya kuliko kusema. Jagi la kuchemshia maji pia watu wanalionea. Lita moja ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti, shilingi 36. Tatizo ni kulijaza lote kwa kikombe kimoja.

Kasoro zake sasa. Umeme ukikatika na betri yake ya kifungo imechoka, kumbukumbu yote inafutika. Yangu imefutika mara mbili, na mara moja ilikuwa siku ya tatu ya kupima. Kioo hakina taa, na soketi zetu ziko chini nyuma ya kabati, kwa hiyo kusoma namba unalala kifudifudi na tochi ya simu. Haipimi kilichofungwa moja kwa moja kwenye nyaya, kama feni ya darini na hita ya bafuni. Na usiitie kwenye ekstensheni iliyobeba vitu vitatu, itakupa jumla usiyoweza kuigawa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Elfu ishirini sasa inafika siku ya kumi na tatu. Kidude chenyewe wiki hii kiko kwa jirani, amepata friji ya mtumba na anataka kujua kama itamtoa kwenye zile 75 zake. Jana alinigongea dirisha saa nne usiku: kinasoma sifuri, kimekufa? Nikamuuliza kama friji inanguruma. Haingurumi. Nikamwambia asubiri, itawaka yenyewe.