Mzimu Unaodai Chenji: Tathmini ya Programu ya Blackmagic Camera

Tulikuwa marafiki sita wa Dar es Salaam, hatuna kamera wala fungu la fedha, ila tulikuwa na kisa kimoja cha kipuuzi ambacho tulikuwa tumekicheka kwa muda mrefu kiasi cha kuona ni dhambi kutokirekodi: abiria wa daladala anafariki dunia kabla konda hajamrudishia chenji yake ya shilingi 200, na mzimu wake unapanda gari lile lile kila siku kuidai. Daladala tuliazimwa na mjomba wa mmoja wetu, likiwa limelala uani kwake likisubiri injini. Mzimu ulikuwa shuka jeupe lililotobolewa matundu mawili, na gharama kubwa kuliko zote ilikuwa pilau ya waigizaji. Filamu nzima ina dakika saba. Sitaitathmini filamu yenyewe, kwa kuwa haina utetezi. Nitaitathmini programu ya simu tuliyorekodia, Blackmagic Camera, ambayo nimeiona ikisifiwa na watu wanaotengeneza matangazo ya biashara na harusi, lakini sijaona mtu akieleza inavyofaa kwa mzaha.

Programu hii inatolewa bure na Blackmagic Design, kampuni ya Australia inayotengeneza kamera za sinema pamoja na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve. Ilianza kupatikana kwa iPhone mwaka 2023, na kwa Android mwaka 2024. Haina matangazo na haibandiki nembo juu ya picha yako. Kazi yake ni kukukabidhi maamuzi ambayo kamera ya kawaida ya simu huyafanya bila kukuuliza: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), rangi, fokasi (kitu gani kionekane kwa ukali) na idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde.

Umuhimu wa jambo hilo tuliuelewa kwa sababu ya shuka. Siku ya kwanza tulirekodi kwa kamera iliyokuja na simu, na kila mzimu ulipoingia mlangoni, simu iliona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaipunguzia nuru picha nzima. Konda, ambaye ni mweusi wa kung'aa na ndiye mwenye sura ya kuchekesha, akabaki kivuli chenye meno. Mzimu ukitoka, nuru inarudi. Fokasi nayo ilikuwa na kisa chake, kwani simu hutafuta uso wa mtu, na mzimu wenye matundu mawili haukuhesabiwa kuwa na uso, kwa hiyo hata uliposimama mbele kabisa ukinyoosha mkono, kilichoonekana vizuri kilikuwa kiti cha nyuma. Katika Blackmagic Camera tulipima mwanga juu ya uso wa konda, tukafunga ISO, shata na rangi, tukaweka fokasi kwa mkono, na tangu hapo mzimu ukawa huru kuingia na kutoka bila kubadilisha chochote. Kuna pia mistari ya pundamilia inayojichora juu ya sehemu iliyopauka kupita kiasi, ambayo ilituonyesha kwamba shuka lilikuwa limepoteza mikunjo yake yote. Tukalichovya katika maji ya chai ya rangi, likakaushwa, likawa na weupe unaovumilika. Mama mwenye shuka bado hajaambiwa.

Mambo haya ni makubwa zaidi katika mzaha kuliko katika filamu ya majonzi. Kichekesho hujengwa kwa kukata: konda anageuka, mzimu upo, anageuka tena, haupo. Vipande hivyo vilirekodiwa kwa kupishana saa nzima, na kama kimoja ni cha njano na kingine cha kibuluu, mtazamaji anaanza kuitazama picha badala ya kuungojea mzimu.

Tatizo la pili lilikuwa taa. Sehemu ya usiku tuliirekodi kwenye banda lenye taa ya tyubu, na picha za siku ya kwanza zilikuwa na mawimbi meusi yanayopanda taratibu ukutani. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo taa ya aina hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde, ilhali simu ilikuwa ikirekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60 ya sekunde, na viwili hivyo havipatani. Tulipoweka fremu 25 na shata ya 1/50, mawimbi yakatoweka. Ubaya ni kwamba shata hiyo hiyo mchana wa jua kali huingiza mwanga mwingi mno, na tundu la lenzi la simu nyingi halipunguziki. Wenye fedha hununua kichujio cheusi cha lenzi. Sisi tulishikilia miwani ya jua mbele ya simu, na ndiyo maana mandhari yote ya mchana yana ukijani kidogo, kama daladala limeegeshwa chini ya maji.

Kwa upande wa sauti, programu inakuonyesha vipimo vya sauti inayoingia, lakini haiwezi kuifanya maikrofoni ya simu isogee karibu na mdomo wa mwigizaji, wala kuwanyamazisha kunguru wa Dar es Salaam. Tuliificha simu ya pili kwenye mfuko wa shati la konda ikiwa na maikrofoni ya spika za masikioni, tukapiga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila kipande ili sauti na picha zioanishwe baadaye. Anayetaka kutumia fedha yoyote katika filamu ya aina hii azitumie hapo kwanza, kabla hata ya pilau.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya neno "bure". Toleo la Android lilianza kwa baadhi ya simu za Google Pixel na Samsung Galaxy S, na ingawa orodha imeongezeka, haikuanzia kwenye simu za laki mbili au tatu ambazo wengi wetu tunazo mifukoni. Kati yetu sita, simu iliyofaa ilikuwa moja, tena ya dada wa mwenzetu, aliyetuazima kwa masharti ya kudhalilisha. Nafasi nayo ni mtihani: ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kila dakika inakula takriban megabaiti 750, na sisi tulioacha kamera ikiendelea kurekodi huku tukicheka tuliijaza simu ya watu kabla ya chakula cha mchana. Kosa lilikuwa letu, kwani kiwango hicho kinaweza kupunguzwa.

Kwa mwenye simu inayokubalika, naipa nyota nne, na ningemshauri atumie asubuhi nzima kuizoea kabla ya kuwaita waigizaji, maana skrini ina vitufe vingi na konda mwenye njaa hana subira.

Dada alikuja kuichukua simu yake saa kumi na mbili jioni, kama alivyoahidi, tukiwa tumebakiza sehemu ya mwisho ambapo mzimu unalipwa chenji yake. Tuliimalizia kwa simu ya kawaida. Konda anatoa shilingi 200, mzimu unasogea kuipokea, na picha nzima inafifia kuwa giza. Watu tuliowaonyesha walicheka hapo kuliko mahali pengine popote, na wawili wameniuliza tulifanyaje.