Pleko wa Madevu: Kambare Mdogo Mwenye Mdomo wa Ajabu

Karibuni tena wapenzi wa matangi ya samaki! Leo sisalimii sana, maana samaki wetu ameshajibandika kwenye kioo cha tangi na akiona mwanga mwingi atakimbilia pangoni. Huyu ni pleko wa madevu, Ancistrus, kambare mwenye mabamba ya mfupa mwilini, asili yake mito ya Amerika ya Kusini. Joto la maji na ukubwa wa tangi mnavijua, turuke.

Tazameni mdomo huo! Nasogeza kamera... hapo hapo. Uko chini ya kichwa, mviringo, umegandamana na kioo, na ndani yake meno madogo yanakwangua mwani. Mnaniuliza kila mara: anapumuaje mdomo ukiwa umebana hivyo? Angalieni mashavu yake, yaani matamvua, yanavyopwita. Maji yanapenya pembeni mwa mdomo, yanatokea mashavuni, na yeye habanduki. Sasa naongeza kasi ya pampu... mnaona? Mkondo wote huo na hajasogea! Na hewa ikipungua majini, anapanda juu, anameza hewa, tumbo lake linaifyonza. Kambare wetu mumi naye anavuta hewa, ila kwa kiungo kilicho juu ya mashavu, na ngozi yake haina gamba hata moja.

Madevu haya marefu puani ni ya dume. Dume ndiye anayelinda mayai pangoni, anayapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Nampenda huyu samaki jamani.

Kinachonikera ni wauzaji wanaowapa pleko wa kawaida, Pterygoplichthys, akiwa na urefu wa kidole, wakinyamaza kwamba anapita sentimita 40. Wa madevu kwa kawaida anaishia 12 hadi 15. Bei yake iko juu, lakini hutanunua tangi jipya kwa ajili yake. Na yule mkubwa akikushinda, usimtupe mtoni! Kule Mexico na Florida pleko hao wakubwa wanachimba mashimo kwenye kingo za mito mpaka zinamomonyoka.

Jambo moja: pleko wa madevu hasafishi tangi. Anakula mwani, kisha ananya sana, kwa hiyo maji utabadilisha tu. Mwekee kipande cha gogo akwangue, na tango usiku.

Jumamosi tuko mubashara na matangi yenu, tumeni picha mapema. Aliyeuliza kuhusu koridora, kambare mwingine mdogo wa matangini, huyo yuko kwenye video ijayo.