Karakana ya ushonaji mjini Arua: kazi safi, na darasa la jioni

Nilipeleka vitenge katika karakana ndogo ya ushonaji iliyo nyuma ya soko kuu la Arua, Uganda, na kazi niliyokabidhiwa imeniridhisha: pindo zimenyooka na kola imekaa sawasawa. Mafundi wake ni wanawake waliokatisha masomo, kijana kiziwi, na mama anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye cherehani yake imefungwa mota na swichi ya kubonyeza kwa kiwiko ili asihitaji kanyagio. Vipimo vyangu viliandikwa na fundi aliyejifunza kusoma hapo hapo karakanani, katika darasa la jioni. Aliandika taratibu, akanisomea kila tarakimu, kisha akapiga hesabu ya kitambaa bila kukosea. Uganda ilianzisha mpango wa kisomo chenye manufaa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa ajili ya shughuli za kila siku, kwa watu wazima mwaka 1992, nami naamini kisomo cha namna hiyo huzaa matunda zaidi pale ambapo somo la jioni linatumika kazini kesho yake, kwa sababu mzazi mwenye watoto wa kulisha hawezi kusubiri miaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi kazini. Hapa inatekelezwa kwa vitendo, na inatia moyo sana.

Bei ni ya kawaida. Gauni moja lilichelewa kidogo, kwa hiyo mwenye harusi apeleke kitambaa mapema, na anayehudumiwa na yule kijana amtazame usoni na kumwonyesha mshono pichani.